Kiti cha Tabibu katika Kamati za Michezo ya Vyuo

Chama cha NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani, kiliasisiwa mwaka 1906, baada ya vifo vya wachezaji wa mpira wa Kimarekani msimu wa 1905. Kamati zake huundwa na wajumbe wanaotumikia kwa muda maalumu. Muda ukiisha, kiti huwa wazi na vyuo wanachama hupendekeza majina.

Katika kamati ya usalama na tiba michezoni huketi pia madaktari na wanafunzi wanamichezo. Kiti cha tabibu humo si cha heshima tu. Tangu 2010, kila chuo hutakiwa kuwa na mpango wa kushughulikia mtikisiko wa ubongo: mwenye dalili hutolewa mchezoni, harudi siku hiyo, wala hachezi tena hadi daktari, au aliyekasimiwa naye, aridhie. Kocha aliyekodolea macho ushindi asingependa kuitunga kanuni hiyo peke yake, wala asilaumiwe sana. Hivyo anayependekezwa apimwe kwanza, kabla ya vyeo vyake, kama amewahi kuhudumu kando ya uwanja. Maana mchezaji aliyegongwa kichwa mara nyingi husema yu mzima, huku akisahau matokeo ya mchezo.