Fiba si ya intaneti tu: uzi wa kioo unaochungulia tangi la dawa

Wadau, ukitaja fiba kijana wa kafe anafikiria spidi, basi. Kwamba mkongo wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar mwaka 2009 na mambo yakachangamka. Sawa. Ila uzi wa namna hiyo hiyo una kazi nyingine isiyosikika: kulinda matangi yanayotengeneza dawa.

Chukua insulini. Tangu 1982 kuna insulini sokoni inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, siyo ya kukamuliwa kwenye kongosho la nguruwe au ng'ombe. Bakteria hawa wanafugwa kwenye tangi kama kuku wa kisasa: wanataka chakula, joto na hewa. Kasheshe iko kwenye hewa. Maji ya nyuzi joto 37 yakishiba hewa yanabeba kama miligramu 7 tu za oksijeni kwa lita. Bakteria wakishajaa, ukikata hewa, akiba hiyo inakwisha ndani ya dakika moja! Wakibanwa pumzi wanaanza kutoa asidi, na mzigo mzima unaweza kwenda na maji. Hiyo ni dawa ya watu.

Kipimo cha zamani, elektrodi ya Mmarekani Leland Clark ya mwaka 1956, bado kipo kazini. Lakini chenyewe kinakula oksijeni ile ile kinayoipima, halafu utando wake unataka kubadilishwa kila mara.

Fiba inafanyaje? Ncha ya uzi inapakwa rangi maalum, mara nyingi yenye madini ya platinamu. Unapitisha mwanga, rangi inang'aa nyekundu. Oksijeni ikigongana nayo inainyang'anya ile nguvu kabla haijang'aa, jambo ambalo Hans Kautsky alilieleza miaka ya 1930. Oksijeni nyingi, mng'ao unafifia haraka. Oksijeni kidogo, unadumu. Na hapa ndipo ujanja ulipo, maana rangi huchujuka kama kanga iliyoanikwa juani. Kwa hiyo hawaangalii sana ukali wa mwanga, wanapima muda unaochukua kuzimika, sehemu ndogo mno za sekunde.

Kwa upande wa asidi mambo siyo mazuri hivyo. Rangi zake zinasoma vizuri kwenye upana mdogo tu, ndiyo maana elektrodi ya kioo haijastaafu.

Siku hizi kuna hata matangi ya mifuko ya plastiki ya kutumia mara moja. Rangi inabandikwa ndani, uzi unasoma kutoka nje. Hakuna tundu, vijidudu wapite wapi?