Sabuni na Dawa Iliyo Udongoni

Sufuria yenye mafuta haitakati kwa maji matupu, hutaka sabuni. Udongo wa shamba nao ni hivyo hivyo. DDT, iliyonyunyiziwa pamba miaka ya nyuma, haiyeyuki vizuri katika maji. Hung'ang'ania udongo, hasa wenye mboji, na yaweza kukaa humo zaidi ya miaka 10. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliikataza mashambani, lakini iliyokwisha mwagwa bado ipo.

Maji yenye sabuni nyingi huibandua, nayo hufuata maji hayo bondeni. Ikiingia mwilini hukaa katika mafuta, na mama humpa mtoto katika maziwa.

Basi usifulie wala kuoshea bomba la dawa katika shamba lililo juu ya kisima. Kuchemsha maji hakuiondoi.