Dada wa Quattro

Sogeeni, wajukuu. Mnaijua mbuga yetu hapa Bariadi ikinyeshewa: udongo mweusi unang'ang'ania baiskeli kama gundi, lori la pamba linazama hadi ekseli, abiria wanashuka kusukuma. Sasa fikirini mtu anayeingia kwenye matope ya namna hiyo kwa hiari yake, mwendo wa kasi, akishindana na saa. Tena mwanamke.

Anaitwa Michèle Mouton. Alizaliwa 1951 huko Grasse, Ufaransa, ambako watu hulima maua ya manukato kama sisi tulimavyo pamba. Alianza mbio za magari kwa kumsomea dereva njia: unakaa kando na daftari, unamtajia kona inayokuja na ukali wake. Baba yake akamwambia kama ni mashindano, ashike usukani mwenyewe. Akamnunulia gari, akampa mwaka mmoja wa kujaribu.

Mwaka 1981, kule Sanremo, Italia, Michèle akawa mwanamke wa kwanza kushinda rali ya ubingwa wa dunia. Alikuwa na Audi Quattro, gari ambalo injini yake inazungusha matairi yote manne. Moja likiteleza, mengine yanashika. Wapo waliosema kilichoshinda ni gari. Haya, mbona Hannu Mikkola, aliyeendesha gari hilohilo, mwaka 1982 aliachwa nyuma na Michèle kwa pointi?

Mwaka huo Michèle alishinda Ureno, Ugiriki na Brazil. Kisha wakaenda Ivory Coast, na rali ikiwa inakaribia kuanza, simu ikaleta msiba: baba amefariki. Mama yake akamwambia aende tu, ndivyo marehemu alivyotaka. Akaenda. Akaongoza, gari likaharibika, likatengenezwa, akaendelea, mwisho akapata ajali. Ubingwa ukachukuliwa na Walter Röhrl, yeye akawa wa pili duniani.

Pasaka ya 1983 akaja kwetu Afrika Mashariki, Safari Rally ya Kenya, mbio ambazo zamani zilipita hadi Tanganyika na Uganda. Pembeni yake alikuwa Fabrizia Pons, Mwitaliano. Wanawake wawili, maelfu ya kilomita za vumbi na matope, wakamaliza wa tatu.

Msije mkasema hayo ni ya Wazungu. Ng'ambo ya ziwa letu, Uganda, Susan Muwonge alitwaa ubingwa wa rali wa taifa mwaka 2011, na wanaume wote nyuma yake.