Seli Zinazogoma Kupukutika

Mwaka 1972, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walihitaji jina la kifo ambacho Kerr alikuwa amekiona kwanza katika ini la panya: seli inanywea, inajikata vipandevipande, kisha jirani zake wanavimeza bila vurugu. Profesa wa Kigiriki akawapa neno apoptosisi, linalohusu majani kudondoka mtini. Sisi tungesema kupukutika, na nadhani tungekuwa tumelenga vizuri zaidi.

Seli ya saratani hugoma kupukutika. Lakini tangu mwaka 1972 vimegunduliwa vifo vingine vya seli. Mwaka 2012 kilipewa jina kifo cha feroptosisi: madini ya chuma huchochea mafuta ya utando wa seli kuharibika, kama mafuta ya kupikia yaliyosahauliwa juani mpaka yakanuka, na utando hupasuka. Mwaka 2022 kikaja kifo kinacholetwa na shaba. Kipo pia kile ambamo protini hutoboa utando wa seli, yaliyomo yakamwagika na kuita askari wa kinga. Kila kifo kina jeni zake, nyingine za kukiamsha, nyingine za kukizuia.

Watafiti wakajiuliza: tukipima jeni hizo ndani ya uvimbe wa ini, je, tutajua ni nani ataishi muda mrefu? Huchukua data za hazina ya Marekani iitwayo The Cancer Genome Atlas, yenye vimbe za ini zipatazo 370, kila moja ikiwa na kipimo cha maelfu ya jeni na kumbukumbu ya siku alizoishi mgonjwa. Kompyuta huchuja orodha ya jeni za kifo mpaka zibaki chache, na kila iliyobaki hupewa uzito wake. Jumla yake ndiyo alama ya hatari. Wagonjwa hugawanywa katikati, wa alama za juu na wa alama za chini, kisha huchorwa mistari miwili ya uhai. Mistari ikiachana, makala huandikwa. Waangalifu huijaribu alama yao tena kwa wagonjwa wa Japani au Uchina.

Makala za namna hii ni nyingi mno, nami huzisoma nikiwa nimekunja uso kidogo. Mwaka 2011 David Venet na wenzake walionyesha, kwa saratani ya matiti, kwamba hata jeni zilizookotwa ovyo mara nyingi hutenganisha mistari hiyo. Walijaribu hata orodha ya jeni zinazohusiana na kucheka baada ya kula, ikafaulu! Uvimbe unaokua kwa kasi hubadilisha jeni nyingi kwa pamoja. Ukishika yoyote kati ya hizo, umeshika mkia wa ng'ombe yuleyule.

Ini nalo lina utata wake. Wagonjwa wengi huwa na magonjwa mawili, uvimbe na ini lililojaa makovu, na la pili linaweza kuwaua kabla ya la kwanza. Ndiyo maana daktari bado hutegemea alama ya Child-Pugh, yenye mambo matano tu: bilirubini, albumini, kasi ya damu kuganda, maji tumboni, na kuchanganyikiwa akili. Zaidi ya hapo, kwa mtu mwenye makovu ya ini saratani mara nyingi hutambuliwa kwa picha za CT bila kukata kipande cha nyama, na bila kipande hakuna jeni za kupima. Vimbe nyingi za ile hazina zilitolewa kwa upasuaji, maana yake wagonjwa wenyewe walifika hospitali mapema. Anayefika tumbo limeshavimba hana wenzake wengi humo.

Faida ninayoiona iko kwingine. Jeni hizi huonyesha ni mlango upi wa kifo uvimbe umeufunga. Tuchukue SLC7A11, ambayo hutokea katika alama nyingi za ini: huingiza malighafi ambayo seli huitumia kujikinga na feroptosisi. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba p53, protini inayoweza kuiamuru seli iliyoharibika ijiue, huibana SLC7A11. Sasa twende kwenye ghala la mahindi na karanga, ambamo ukungu hutoa sumukuvu, sumu inayoweza kuleta saratani ya ini. Sumukuvu huacha alama yake mahali maalumu katika jeni ya p53, nafasi ya 249, jambo lililoripotiwa mwaka 1991 kwa wagonjwa wa Qidong nchini Uchina na wa kusini mwa Afrika. Sumu hiyohiyo iliwaua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, kwa kuharibu ini ghafla kabla saratani haijapata nafasi. Ukitaka alama ya jeni za kifo itakayomfaa mgonjwa wa Kitui au Dodoma, ningeanza kupima hapo: katika vimbe za watu waliokula sumukuvu miaka mingi, niangalie p53 iliyoharibika imeiachia SLC7A11 kiasi gani.