Dawa za sonona: Usiziache kabla hazijaanza kazi

"Daktari, nimemeza dawa wiki nzima sioni tofauti. Niendelee?" Swali hili huulizwa sana na wagonjwa wa sonona. Wapo pia wasiouliza. Wao huacha dawa kimyakimya, na wakirudi hospitali baada ya miezi kadhaa, hali huwa mbaya zaidi. Leo tuone dawa hizi zinafanyaje kazi na kwa nini zinahitaji subira.

Sonona si huzuni ya siku mbili tatu. Ni hali ya kukosa raha, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Huambatana na uchovu, kukosa usingizi, kupoteza hamu ya kula, kujiona hufai, hata kutamani kufa. Kwa kijana inaweza kujitokeza kama hasira za mara kwa mara, kujitenga na kushuka kimasomo.

Serotonini ni nini?

Ni kemikali inayosaidia seli za neva kupelekeana ujumbe. Inahusika na usingizi, hamu ya kula, maumivu na hisia. Takriban asilimia 90 yake iko tumboni, kwenye utumbo, si kwenye ubongo. Ndiyo maana wengi wanapoanza dawa hizi hupata kichefuchefu au kuharisha. Mara nyingi hali hiyo huisha ndani ya wiki moja au mbili.

Seli ikishatoa serotonini, huifyonza tena. Dawa kama fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, huzuia ufyonzaji huo, hivyo kemikali hubaki kwa muda mrefu zaidi kati ya seli. Hilo hutokea ndani ya saa chache tu, lakini ubongo unahitaji wiki kadhaa kujirekebisha. Kwa kawaida nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, na matokeo kamili huweza kuchukua wiki sita hadi nane.

Huenda umesikia kwamba sonona ni "upungufu wa serotonini". Maelezo hayo yamerahisishwa mno. Mwaka 2022, watafiti wa University College London walipitia tafiti nyingi na hawakupata ushahidi thabiti wa jambo hilo. Hiyo haimaanishi kwamba dawa hazifai. Panadoli hutuliza kichwa kinachouma, ingawa kichwa hakiumi kwa kupungukiwa panadoli. Sonona nyepesi inaweza kutibika kwa ushauri nasaha peke yake. Ikiwa kali, dawa huwasaidia wengi, hasa zikienda pamoja na ushauri huo.

Mzazi, kuwa macho

Kwa watoto na vijana walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka katika wiki za mwanzo au dozi inapobadilishwa. Dawa hizi hubeba onyo hilo nchini Marekani. Usimnyime mtoto matibabu kwa hofu hiyo, bali mfuatilie kila siku. Akianza kuhangaika, kukosa usingizi kabisa au kuzungumzia kifo, mrudishe hospitali siku hiyohiyo. Dawa zitunze wewe mwenyewe, hasa amitriptilini, kwa sababu mtu akiimeza nyingi kwa mara moja inaweza kusimamisha moyo.

Mweleze daktari dawa zote unazotumia. Tramadoli, ambayo wengi huinywa kwa maumivu, ikichanganywa na dawa hizi inaweza kuleta homa, kutetemeka na degedege. Mweleze pia kama una ujauzito, au kama umewahi kuwa na siku za uchangamfu uliopitiliza huku hulali na huchoki. Huenda ukahitaji dawa ya aina nyingine.

Usiache ghafla

Wengine huacha dawa pale wanapojisikia wamepona. Dawa hizi hazileti uteja kama pombe au heroini, lakini ubongo huwa umezizoea. Ukiacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, wasiwasi, ndoto za kutisha au hisia kama ya kupigwa shoti kichwani. Sonona yenyewe pia inaweza kurudi. Endelea na dawa kwa angalau miezi sita baada ya kupata nafuu, kisha daktari akupunguzie dozi kidogo kidogo.

Ikiwa zinakupunguzia hamu ya tendo la ndoa, usione aibu kusema. Ni jambo linalowapata wengi, na dozi au aina ya dawa inaweza kubadilishwa.

Andika kwenye kalenda siku uliyoanza dawa. Wiki sita zikipita bila nafuu, rudi kwa daktari badala ya kukata tamaa. Na ukiona ndugu yako anazungumzia kujiua, usimwache peke yake. Mpeleke leo katika kituo cha afya kilicho karibu.