Kabla ya Kuorodhesha Sifa: Changamoto za Mwandishi Anapoumba Wahusika, Mandhari na Maudhui



Ninaposahihisha majibu ya riwaya, hukutana mara nyingi na aya ya namna hii: "Mtemi Nasaba Bora ni katili. Mwalimu Majisifu ni mwizi. Amani ni mvumilivu." Hakuna uongo hapo. Tatizo ni kwamba mtahiniwa huishia papo hapo, kana kwamba wahusika hawa walikuja duniani wakiwa wamebandikwa sifa zao kifuani. Wahusika hao waliumbwa na mtu aliyeketi mbele ya karatasi tupu, akaandika, akafuta, akaandika tena. Ukijua kilichomsumbua mtu huyo, utaelewa kwa nini aliamua mambo jinsi alivyoamua. Hapo swali la "Eleza jinsi mwandishi alivyofaulu..." halitakutia baridi.

Katika sehemu hii tutazitazama changamoto nne zinazomkabili mwandishi, tukitumia riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Kisha tutaona jinsi ya kuutumia ujuzi huo katika Karatasi ya Tatu (102/3), na pia katika insha yako ya Karatasi ya Kwanza (102/1). Usisahau kwamba katika karatasi hiyo ya insha mwandishi ni wewe.

1. Kuumba mhusika anayeaminika

Changamoto ya kwanza ni kumfanya mtu wa kubuni aonekane mtu. Msomaji hamwamini mhusika aliye mbaya tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila sababu, wala hamwamini aliye mwema kama malaika. Mhusika wa namna hiyo, asiyebadilika na aliye na upande mmoja tu, tunamwita mhusika bapa. Aliye na pande nyingi, na anayeweza kubadilika, ni mhusika duara.

Mtazame Amani. Ni mpole, mchapakazi na mwenye huruma. Kama mwandishi angeishia hapo, Amani angetuchosha mapema. Lakini amempa siri. Kijana anayechunga ng'ombe wa Mtemi hakufika Sokomoko kutafuta kazi tu. Ana jambo analolichunguza, na hasemi. Kwa hiyo kila anapoinamisha kichwa mbele ya Mtemi, sisi tunajiuliza anawaza nini. Wema wake umefungamanishwa na taharuki.

Mtemi naye alikuwa mtihani mgumu zaidi kwa mwandishi. Kiongozi dhalimu ni rahisi kumchora vibaya: mpe kitambi, sauti kubwa na bakora, kazi imekwisha. Walibora amefanya jambo la ziada kwa kumwekea mpinzani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Madhubuti, mwanawe wa kumzaa, anaikataa mali ya babake kwa kuwa anajua ilivyopatikana. Zuhura, mkewe, anaishi katika upweke kwenye nyumba ya kifahari. Udhalimu wa Mtemi hatuusikii kwa wanakijiji pekee. Tunauona pia ukiila familia yake.

Kuhusu majina, utaandika kwamba mwandishi ametumia majazi: Nasaba Bora, Majisifu, Amani, Imani, Madhubuti. Ni sawa, lakini jiulize pia hatari yake ni ipi. Jina linaloeleza tabia humfichulia msomaji mambo mapema. Mwandishi hulikwepa tatizo hilo kwa kuligeuza jina liwe kinaya. Nasaba Bora ni mtu wa nasaba bora? Matendo yake yanalipinga jina lake. Basi usiseme "ni majazi" ukapumzika. Sema kama jina linaafikiana na matendo au linayakejeli.

2. Kuumba ulimwengu

Changamoto ya pili ni mahali. Mwandishi akiitaja nchi halisi na wilaya halisi, msomaji ataanza kuulizia: chifu huyu ni yule wa kwetu? Ataacha hadithi, aanze kutafuta watu. Mwandishi akibuni mahali pasipofanana na popote, msomaji hatajiona humo kamwe.

Waandishi wa Kiswahili walilijua jambo hili zamani. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka wa 1951, Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Mwingereza. Aliunda nchi inayoelea angani, akamweka humo kijana Karama, anayeshtakiwa kwa kueneza elimu ya sheria. Nchi ni ya hewani, lakini mahakama, woga na uonevu wake vilikuwa vya hapa duniani, na msomaji wa siku zile alielewa. Walibora naye ametuundia Tomoko, na ndani yake Sokomoko. Huwezi kuipata Tomoko kwenye ramani, ila mashamba yaliyoachwa na mzungu, zahanati isiyojali wagonjwa na kiongozi anayejitwalia ardhi, hivyo unavitambua mara moja.

Sasa tazama jinsi ulimwengu huo unavyofanya kazi. Katika Sokomoko kuna Mto Kiberenge, ambao wenyeji hawayanywi maji yake kwa sababu ya imani waliyorithi. Amani na Imani wanayanywa. Mimi hufundisha huku Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, kati ya Emali na Makindu. Hapa kuna chemchemi inayotoa maji safi mwaka mzima, na ukitembea mbali kidogo unapata shamba la mbaazi limekauka kwa kukosa mvua. Wanafunzi wangu hawahitaji kuelezwa thamani ya maji. Kwa hiyo nikiwauliza, "Watu gani wanaishi kando ya mto na hawanywi maji yake?" hushtuka. Hapo ndipo wanapotambua kwamba mto ule si pambo. Mwandishi angeweza kuandika kurasa tatu kueleza kuwa watu wa Sokomoko wamefungwa na hofu. Badala yake ameweka mto mmoja na watu wawili wanaothubutu kunywa.

Hiyo ndiyo maana ya mandhari katika fasihi. Si orodha ya miti na milima. Ni vitu vichache vilivyochaguliwa kwa sababu vinawalazimisha wahusika waamue jambo.

3. Kupitisha ujumbe bila kuhubiri

Changamoto ya tatu ni maudhui. Mwandishi ana hasira kuhusu uongozi mbaya, unyakuzi wa ardhi na huduma mbovu za afya. Akisema wazi, anakuwa mhubiri, na msomaji anafunga kitabu. Akificha mno, ujumbe unapotea.

Mfano bora ni kile kitoto kilichoachwa kwenye kibanda cha Amani. Kinaitwa Uhuru. Amani na Imani wanakihangaikia, wanakipeleka kutibiwa, wanakosa msaada, na kitoto kinafariki. Lisome jina tena: Uhuru anafariki mikononi mwa watu maskini waliompenda, kwa sababu waliopaswa kumhudumia hawakujali, na baba yake, mwenye madaraka, amemkana. Mwandishi hakutuhubiria kwamba uhuru wa nchi nyingi za Afrika ulitelekezwa ukiwa mchanga. Ametuachia jazanda, nasi tukafika huko wenyewe.

Unapojibu swali la maudhui, usikimbilie kuandika "mwandishi anapinga uongozi mbaya." Onyesha tukio lililoubeba ujumbe huo, kisha ueleze linaubeba vipi.

4. Kuwa na sauti yako

Changamoto ya nne imo ndani ya riwaya yenyewe, na watahiniwa wengi huipita. Mwandishi amemweka mwandishi mwingine ndani ya kitabu chake. Mwalimu Majisifu anatamani sifa za uandishi lakini hana cha kuandika, basi anauchukua mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Mswada huo unaitwaje? Kidagaa Kimemwozea, jina lile lile la kitabu ulichoshika mkononi.

Fikiria adhabu ya mtu huyo. Kila anaposifiwa, anasifiwa kwa kazi ya kijana anayeishi jirani naye kama mchungaji. Nyumbani ana watoto wenye ulemavu anaowaonea aibu, na faraja yake ni pombe. Yeye ndiye mhusika aliye karibu zaidi na uduara katika riwaya hii, kwa sababu hatimaye anakiri kosa lake. Tunamlaumu, na bado tunamhurumia.

Niruhusu nikiri langu pia. Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu insha kuhusu methali "Mchumia juani hulia kivulini." Msichana mmoja aliandika juu ya nyanyake, anayeuza maembe kando ya barabara kuu. Lori linapunguza mwendo, utingo anapokea ndoo dirishani, kisha dereva anaondoka bila kulipa. Nyanya anabaki akilitazama vumbi. Halafu anajifunga leso upya, anachukua ndoo ya pili, anangoja lori linalofuata. Nilimpa alama 9 kwa 20. Niliandika kwa wino mwekundu: "Hakuna tamathali. Misemo michache." Mwenzake aliyeanza kwa jua la matlai na ndege walioimba nyimbo tamu nilimpa 15.

Baadaye nikaketi kusahihisha insha za watahiniwa wa mahali pengi. Niliwaona ndege wale wale wakiimba, jua lile lile likichomoza, katika karatasi baada ya karatasi. Zilikuwa zimekaririwa kutoka kwa walimu kama mimi. Usiku ule nilimkumbuka yule nyanya na ndoo yake ya pili. Sikuwa nimemsahau hata kidogo, na yeye ndiye niliyempa 9.

Shule ilipofunguliwa nilimwita yule msichana, nikamwomba daftari, nikaisoma insha yake mbele ya darasa zima na kuwaeleza kosa nililofanya. Ilikuwa na makosa ya sarufi, naam, na kivuli cha methali angekifafanua zaidi. Lakini ilikuwa na mtu ndani yake, ilikuwa na mahali, na ilikuwa yake.

Usinielewe vibaya. Methali, tashbihi na misemo ni mali ya lugha hii, na zina alama zake. Zitumie zinapolibeba wazo lako. Ila insha iliyokaririwa ni mswada wa Amani kwenye mkono wa Majisifu. Mtahini akibadilisha swali kidogo tu, huna pa kushika.

Na usifikirie kwamba hadithi nzuri ya Kiswahili ni lazima itoke Lamu au Unguja. Ken Walibora mwenyewe alizaliwa magharibi mwa Kenya. Wewe unayezungumza Kikamba nyumbani una ndengu, una treni, una magari ya usiku, una Kiboko, mahali ambapo jina lake laweza kuwa la mnyama wa majini au la mjeledi. Mwandishi makini angeanzia hapo.

5. Jinsi ya kuutumia ujuzi huu katika mtihani

Kila hoja yako iwe na sehemu tatu: hoja yenyewe, ithibati kutoka kitabuni, na umuhimu wake. Linganisha majibu haya mawili kuhusu Majisifu.

Jibu la kwanza: "Majisifu ni mwizi. Aliiba mswada."

Jibu la pili: "Majisifu ni mwenye tamaa ya sifa. Anauchukua mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Tabia hii inaafikiana na jina lake, ambalo ni majazi. Kupitia kwake mwandishi anaonyesha kwamba uozo wa jamii haumo kwa watawala kama Mtemi pekee, bali umewaingia hata wasomi wanaotarajiwa kuwa kielelezo."

Jibu la pili halikuhitaji ukurasa mzima. Lilihitaji mtahiniwa aliyejiuliza: mwandishi alimhitaji mtu huyu kwa kazi gani? Jiulize swali hilo kwa kila mhusika, hata aliyetajwa mara mbili tu.

Kwa insha, kabla ya kuandika, chukua dakika tano ujibu maswali matatu kwenye karatasi ya mpango: Mhusika wangu anataka nini? Ni kitu gani cha mahali hapa kinachomzuia? Ni tendo gani litakaloonyesha maana ya methali bila mimi kuihubiri? Ukiwa na majibu hayo, maneno 400 yatapatikana.

Zoezi

(a) "Majina ya wahusika katika Kidagaa Kimemwozea yana kinaya." Jadili ukirejelea wahusika wanne. (alama 20)
(b) Eleza umuhimu wa Mto Kiberenge katika kuendeleza maudhui ya riwaya. (alama 6)
(c) Linganisha Amani na Mwalimu Majisifu kama waandishi. (alama 10)
(d) Chagua mahali pamoja karibu na kwenu unapopafahamu vyema. Andika aya moja inayomwonyesha mtu akiamua jambo mahali hapo. Usitumie msemo wowote uliokariri. Mpe mwenzako aisome, kisha mwulize mtu huyo anataka nini. Asipojua, iandike upya.