Kura ya Foleni na Kodi ya Kiwanja: Mlipakodi wa Cyangugu na Viongozi Wake

Mlipakodi wa Nairobi au wa Dodoma aliyechoshwa na diwani wake ana njia moja iliyonyooka, nayo ni kusubiri siku ya uchaguzi akamnyime kura. Kwa mlipakodi wa Cyangugu nchini Rwanda njia hiyo ina vipandio vingi, kwa kuwa kiongozi anayemchagua kwa kura yake mwenyewe siye anayepanga kodi, naye anayepanga kodi hakuchaguliwa naye moja kwa moja. Asiyeujua mpangilio huu huenda akadhani kuwa watu wa huko wameridhika na kila kitu kwa sababu hawaonekani wakiwaangusha viongozi wao kwenye sanduku la kura, ilhali manung'uniko yapo, na yana mahali pake pa kusemwa na namna yake ya kusikilizwa.

Jina la Cyangugu lilikuwa la mkoa mzima hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, ambayo yalipunguza mikoa ya Rwanda kutoka 12 hadi 5, ukihesabu na Jiji la Kigali, na wilaya kutoka 106 hadi 30. Tangu hapo sehemu ya kusini ya mkoa huo wa zamani imekuwa Wilaya ya Rusizi katika Mkoa wa Magharibi, yenye tarafa 18 na watu zaidi ya 485,000 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022. Mji wake mkuu, Kamembe, unatazamana na Bukavu ya Kongo pale Ziwa Kivu linapomwaga maji yake katika Mto Rusizi, na upande wa kusini bonde la Bugarama linafika hadi mpaka wa Burundi, ndiyo maana Kiswahili kimekuwa lugha ya soko katika eneo hilo tangu zamani, kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Sambaza, yaani samaki wadogo wa ziwani, mchele wa Bugarama, chai ya Shagasha, saruji ya kiwanda cha CIMERWA na maduka yanayomtegemea mteja kutoka ng'ambo ya mto ndivyo vinavyolisha wilaya, na kwa hiyo ndivyo vinavyotozwa.

Serikali za mitaa nchini Rwanda zimepangwa kwa ngazi nne. Ya chini kabisa ni umudugudu, yaani kijiji au mtaa, ambao huongozwa na kamati ya watu 5 wasiolipwa mshahara. Mkuu wake watu humwita kwa kifupi "Mudugudu", kana kwamba yeye na mtaa ni kitu kimoja. Juu yake iko kata, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa akagari, kisha tarafa, yaani umurenge, kisha wilaya yenyewe. Kila moja ya ngazi hizo tatu za juu ina baraza la wawakilishi linaloitwa njyanama, lakini kazi za kila siku za kata na tarafa hufanywa na katibu mtendaji, maarufu kama "gitifu", ambaye ni mwajiriwa wa serikali na hapigiwi kura na mtu yeyote. Hapo ndipo penye fundo la kwanza, kwani mfanyabiashara wa Kamembe anapofungiwa kibanda au anapodaiwa malipo yaliyochelewa, mtu anayekutana naye ana kwa ana mara nyingi ni gitifu au mtumishi aliye chini yake, na hasira anayorudi nayo nyumbani haina kura ya kuibeba.

Kura iliyo ya mwananchi mwenyewe hupigwa mtaani, na hupigwa hadharani. Wagombea husimama mbele ya majirani zao, wakatazama upande mmoja, na wapiga kura wakajipanga nyuma ya yule wanayemtaka, kisha msimamizi akapita akihesabu vichwa kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka mwisho wa foleni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwezi Machi 1999, katika uchaguzi wa kwanza wa ngazi za chini baada ya mauaji ya kimbari, na hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 23 Oktoba 2021, baada ya uchaguzi uliopaswa kufanyika mapema mwaka huo kuahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Msomaji wa Kenya atakumbuka uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, ambao jina lake hadi leo hutajwa kwa uchungu, kwa kuwa foleni ndefu ziliweza kutangazwa kuwa fupi. Hata hivyo tofauti ipo na ni kubwa, maana mlolongo wa Kenya ulikuwa wa kuteua wagombea wa ubunge, wakati foleni ya Rwanda inamchagua jirani atakayesimamia usafi wa mtaa na doria ya usiku. Majirani wakihesabiwa mbele ya macho yao hakuna wa kuiba kura, lakini pia hakuna wa kuficha kura yake, na mtu anayejua kuwa kesho atahitaji sahihi ya Mudugudu kwenye barua yake atafikiri mara mbili kabla ya kusimama nyuma ya mpinzani. Hali hiyo haihitaji vitisho ili ifanye kazi. Ujirani wenyewe unatosha.

Kutoka hapo kura hupanda ngazi kwa mikono ya wengine. Mwaka 2021 wajumbe wa baraza la wilaya, ambalo sheria ya mwaka huo ililipangia wajumbe 17, walipatikana kwa uchaguzi wa wawakilishi, na baadhi ya nafasi zilitengwa kwa ajili ya makundi maalumu, wakiwemo wanawake na vijana. Meya na manaibu wake wawili walichaguliwa kutoka miongoni mwa wajumbe hao tarehe 19 Novemba. Wagombea wa ngazi zote hizo husimama kama watu binafsi, kwa kuwa sheria inakataza vyama vya siasa kufanya kampeni katika chaguzi za mitaa. Katazo hilo lina historia nzito nyuma yake. Uchaguzi wa madiwani wa mwaka 1960, wa kwanza wa aina yake nchini, ulishindaniwa na vyama vilivyojengwa juu ya ukabila, na chama cha Parmehutu kilipata viti 2,390 kati ya 3,125, ushindi uliowapa mabagamesta, yaani wakuu wa wilaya ndogo za wakati huo, madaraka juu ya majirani ambao wengine wao walikuwa tayari wanafukuzwa makwao. Baadaye, katika utawala wa Rais Juvénal Habyarimana, bagamesta aliteuliwa na rais mwenyewe. Anayetaka vyama virudi mtaani hana budi kuyajibu hayo kwanza, ingawa ni kweli vilevile kwamba mgombea asiye na chama wala ilani humwachia mpiga kura kigezo kimoja tu, nacho ni sifa ya mtu.

Kodi, kwa upande wake, hupangwa juu. Mapato ya wilaya yenyewe hutoka hasa katika kodi ya ardhi na majengo, kodi ya pango na patanti, yaani leseni ya biashara, pamoja na ushuru mdogomdogo kama ule wa sokoni, na sehemu kubwa ya makusanyo hayo hupitia Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kwa niaba ya wilaya. Sheria ya mwaka 2018 iliruhusu mabaraza ya wilaya kutoza ardhi kati ya faranga 0 na 300 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Kiwanja cha kawaida cha mjini chenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 30 kina mita za mraba 600, kwa hiyo mwenye kiwanja hicho aliweza kudaiwa hadi faranga 180,000 kwa mwaka kwa kiwango cha juu kabisa. Malalamiko yalienea nchi nzima, na sheria mpya ya mwaka 2023 ikashusha ukomo hadi faranga 80, ambapo kiwanja kilekile hakiwezi kuzidi faranga 48,000. Mlipakodi alishinda, lakini alishinda Kigali, kwa sheria ya Bunge; hakuna meya aliyeangushwa wala baraza lililobadilishwa kwa kura kwa sababu ya kodi hiyo.

Kwa watu wa Rusizi kodi ya ardhi ina uzito wa pekee, kwa sababu inahesabu mita na haihesabu mauzo. Mpaka na Burundi ulifungwa mwezi Januari 2024, na mwaka mmoja baadaye vita vilifika Bukavu, mji ulioanguka mikononi mwa waasi wa M23 katikati ya Februari 2025. Muuza duka anayemngoja mteja wa ng'ambo ya daraja anaweza kukaa siku nzima akipanga upya vitenge visivyonunuliwa, lakini kiwanja chake hakipungui hata mita moja. Juu ya hiyo kuna malipo ambayo hayaitwi kodi ila hutoka mfuko uleule, yaani mchango wa doria ya usiku na ule wa bima ya afya ya jamii, ambao kwa kaya nyingi umekuwa faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Mama mwenye watoto sita na beseni moja la sambaza haoni tofauti kati ya kodi, ushuru na mchango, naye hakosei.

Viongozi huondoka vipi, basi, ikiwa hawaondolewi na mlipakodi? Tangu mwaka 2006 kila meya hutia sahihi imihigo, ambayo ni ahadi za kazi anazoziweka mbele ya Rais wa Jamhuri kwa jina la wilaya yake, na wilaya hupimwa kwa ahadi hizo na kupangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Meya aliyechokwa na wakubwa zake au na baraza lake kwa kawaida huandika barua ya kujiuzulu kabla muhula wa miaka mitano haujaisha. Anicet Kibiriga, aliyechaguliwa kuwa meya wa Rusizi mwezi Novemba 2021, alijiuzulu Novemba 2024, na nafasi yake ikachukuliwa na Phanuel Sindayiheba, aliyechaguliwa kwa utaratibu uleule wa ndani ya baraza. Wananchi waliyapokea mabadiliko hayo kama habari ya redio. Ng'ambo ya mto, kabla ya vita kufika, mambo yalikuwa kinyume chake, kwani mwezi Desemba 2023 wakazi wa Bukavu walichagua madiwani wa manispaa kwa kura ya siri kwa mara ya kwanza baada ya miongo mingi, katika mji ambao barabara na taka zake hazikuwa zimepata msimamizi wa kueleweka kwa miaka. Kura ya moja kwa moja bila huduma, na huduma bila kura ya moja kwa moja, zilitazamana juu ya daraja moja, na watu waliovuka kila asubuhi walizilinganisha.

Mahali ambapo mlipakodi wa Cyangugu anaweza kusimama na kuuliza ni mkutano wa wananchi unaofanyika Jumanne mchana, ambao kwa Kinyarwanda huitwa inteko y'abaturage, na mazungumzo yanayofuata umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Katika mikutano hiyo migogoro ya mipaka ya mashamba husikilizwa vizuri, na gitifu huweza kuumbuliwa mbele ya watu wote akishindwa kujibu. Lakini swali la kwa nini tarafa fulani inatozwa kiwango fulani kwa mita halipati jibu pale, kwa kuwa Mudugudu hakuwapo baraza lilipokata shauri, na kiwango hicho kilimfikia yeye kama kilivyowafikia wengine. Baraza la wilaya lingeweza kurekebisha jambo hili bila kubadili sheria yoyote, kwa kupeleka mapendekezo ya viwango katika mikutano ya Jumanne kabla ya kuyapitisha, yaandikwe kwa faranga na kwa ukubwa wa kiwanja, ili mwenye mita zake 600 ajue atakachodaiwa na amjue mjumbe atakayeinua mkono kukikubali.